Sauti ya nne nayo ipewe zamu

Mwaka jana kwaya yetu ilikwenda kurekodi studio, hapa hapa Mbeya mjini. Tulikuwa ishirini na sita, wanaume wa sauti ya nne tukiwa saba, na mkubwa wetu kwa umri ni mimi. Soprano wakaingia, wakatoka. Alto wakaingia, wakatoka. Tenor walikaa humo karibu saa nzima maana mmoja wao alikuwa na mafua. Zamu yetu ilipofika, kijana wa studio akatutazama, akatazama saa yake, akasema kwa heshima zote: "Wazee wangu, nyie kapumzikeni tu, chai ipo hapo nje. Besi nitaiweka na kinanda."

Tukaenda kunywa chai. Wimbo ulitoka, na sasa unapigwa hadi kwenye mabasi ya Tunduma. Ukitega sikio utasikia chini yake dum, dum, dum. Msidhani ni sisi. Ni kidole kimoja cha mkono wa kushoto wa kijana yule.

Sikugombana naye, na chai yenyewe ilikuwa nzuri. Niliporudi nyumbani nikafanya kile ambacho nimekifanya kwa karibu miaka arobaini kila sauti yangu inapodharauliwa: nikakaa sebuleni, nikasikiliza fagoti.

Najua wengi wenu hamjaliona fagoti, na msijilaumu, hata mimi sijawahi kulishika. Ni ala ya kupuliza, ya mbao, ndefu kumpita mpigaji akiwa amekaa. Bomba lake likinyooshwa lina urefu wa mita mbili na nusu hivi, kwa hiyo mafundi wamelikunja mara mbili ili mtu aweze kulibeba. Jina lake la Kiitaliano, fagotto, maana yake ni furushi, mzigo uliofungwa pamoja, na wanaosimulia asili yake husema ulikuwa mzigo wa vijiti. Mimi nimezaliwa Kilolo, mkoani Iringa. Kila nikiona picha ya mtu na fagoti lake namkumbuka mama yangu akishuka mlimani na mzigo wa kuni.

Sauti inatoka kwenye vipande viwili vya tete vilivyofungwa vikaachiwa upenyo mwembamba, mpigaji anavibana kwa midomo. Watu wa Pwani hapo watasema: mbona hiyo ni zumari? Naam, ni ukoo mmoja. Zumari ya Lamu, ya Mombasa na ya Unguja nayo inapulizwa kwa ulimi wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba zumari ndiye mtoto anayelia kwa sauti kali, na fagoti ni baba yake anayezungumza akiwa ndani. Mjukuu wangu alipolisikia mara ya kwanza aliuliza, "Babu, hilo ni lori linapanda mlima Kitonga?" Hakukosea sana. Likiwa chini kabisa lina ule mngurumo wa lori la mizigo lililoingizwa gia ndogo. Lakini lina oktavi tatu na zaidi, na likipanda juu hupati tena lori. Unapata mzee anayejaribu kuimba wimbo wa ujana wake, sauti ikikaribia kukatika.

Nilikutana nalo kwa bahati. Nilikuwa mpiga tuba wa kwaya ya tarumbeta ya kanisa letu, na mnaojua Nyanda za Juu Kusini mnajua kwamba huku tarumbeta si jambo la mchezo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka huohuo Walutheri wa misheni ya Berlin nao walianzia kule kule Unyakyusa, baadaye wakapanda Ubena na Uhehe. Kijiji cha Pommern, wilayani Kilolo, hadi leo kina jina la jimbo la Ujerumani ya enzi hizo. Hao Wamoravian walikuwa na desturi ya kupiga shaba makanisani kwao tangu karne ya 18, na desturi hiyo imeota mizizi huku mpaka watu wamesahau kwamba ilikuja na meli. Alfajiri ya Pasaka, watu wakiwa makaburini na blanketi mabegani, umande umelowesha viatu, tarumbeta zikianza, hata asiyesali anasimama.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini zilikuja shaba na hazikuja ala za mbao. Nadhani jibu ni huo umande. Tuba ukiiangusha inabonyea, fundi anagonga kwa nyundo, maisha yanaendelea. Fagoti ni mti, tena si mpingo wetu kama watu wanavyopenda kuniambia kwa kujivuna. Mpingo wa Kilwa na Lindi unakwenda kwenye klarineti na obo. Fagoti hutengenezwa kwa mti wa maple wa nchi za baridi. Lina funguo nyingi kiasi kwamba kidole gumba cha kushoto peke yake kina kazi ya funguo nane au zaidi, na tete lake linachakaa upesi, kwa hiyo wapigaji wengi hukaa usiku wakijichongea mengine. Jipya la kitaalamu bei yake ni bei ya gari. Mmisionari gani angelipandisha kwa miguu hadi Ubena?

Basi. Mwaka 1986 alikuja mwalimu wa tarumbeta kutoka Ujerumani, akaendesha semina ya wiki mbili Iringa. Alipoondoka akaniachia kaseti. Upande wa kwanza ulikuwa nyimbo za ibada. Upande wa pili hakuandika chochote. Nikaisikiliza kwa redio yangu ya mkulima niliyoibadilishia betri kwa heshima ya mgeni. Upande wa pili ukaanza kitu cha haraka, cha utani, nikataka kuzima. Sikuzima, na baada ya muda nikasikia wenzangu: trombone na tuba, nzito, za kutisha, kama tangazo la msiba wa kitaifa. Nikajisogeza karibu. Halafu shaba zikanyamaza, na sauti moja ikajibu peke yake, ya chini, ya taratibu. Sikuijua ni ya ala gani. Haikuwa shaba, haikuwa mtu, ila ilikuwa inasema. Shaba zikarudia tangazo lao. Ile sauti ikajibu tena, safari hii kwa uchungu zaidi. Kisha ikafanya jambo ambalo hadi leo linanishangaza: palepale kwenye huzuni, bila kuvuta pumzi, ikageuka ikaanza kutania, ikachomoka na kijiwimbo cha kuchekesha, na okestra nzima ikaifuata.

Ilinichukua miaka kujua nilisikiliza nini. Ni simfoni ya 9 ya Dmitri Shostakovich, Mrusi, ya mwaka 1945. Vita vilikuwa vimekwisha, wakubwa wa Moscow wakisubiri simfoni kubwa ya ushindi, yenye vishindo. Yeye akawapa kazi ya nusu saa hivi yenye vichekesho, na penye uzito akaliweka fagoti mbele ya shaba. Hebu fikiri. Shaba ndizo sauti za serikali, za gwaride, za ushindi. Aliyesimama kuzijibu ni mzee wa sauti ya nne.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta, kwa barua, kwa marafiki waliokwenda kusoma nje, na siku hizi kwa simu ya mjukuu. Nilichokigundua ni kwamba jambo hilo halikuwa la Shostakovich peke yake. Si kwamba zamani fagoti halikupewa nafasi. Vivaldi aliliandikia makonseto zaidi ya thelathini, na Mozart moja akiwa na miaka 18. Lakini baadaye, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, lilirudishwa nyuma kushikilia sauti ya chini na kuchekesha watu. Karne ya 20 ndiyo iliyolirudisha mbele. Tarehe 29 Mei 1913, jijini Paris, Igor Stravinsky aliifungua kazi yake ya "Le Sacre du printemps" kwa fagoti tupu, tena juu kabisa, mahali ambapo fagoti linapata taabu. Ni sawa na mwalimu wa kwaya kumwambia mzee wa besi aanzishe wimbo, peke yake, kwa noti za soprano. Ile taabu ya kufika ndiyo aliyokuwa akiitaka.

Mwaka 1921 Mfaransa Camille Saint-Saëns, mzee wa miaka 85, aliamua nguvu alizobakiza azitumie kwa ala ambazo watunzi wenzake walikuwa wakizipita. Akaandika sonata tatu: ya obo, ya klarineti na ya fagoti. Desemba mwaka huohuo akafariki Algiers, hapa hapa barani kwetu. Sonata ya fagoti naipiga asubuhi nikinyoa ndevu. Haina haraka, haimwombi mtu radhi.

Walimu wa kwaya ningependa wamjue zaidi Mbrazili Heitor Villa-Lobos. Mwaka 1933 aliandika "Ciranda das sete notas", yaani mchezo wa watoto wa kuzunguka duara, wa noti saba. Noti zenyewe ni zipi? Do, re, mi, fa, so, la, ti. Ile ngazi tuliyofundishwa na fimbo ubaoni, ile tunayoiandika d, r, m kwenye daftari la kwaya kwa sababu hatukuwa na karatasi za mistari mitano. Villa-Lobos akaichukua kama ilivyo, akampa fagoti aitembelee, nyuzi zikimsindikiza, na imekuwa dakika kumi na kitu za muziki ambao ningeweza kumfundishia mtoto wa darasa la tano. Mtu akikwambia sol-fa ni elimu ya washamba, mpe hiyo.

Zipo nyingine ambazo hazinywewi kwa mara moja. Sofia Gubaidulina, mama wa Kitatari aliyezaliwa Urusi mwaka 1931 na kufariki mwaka 2025, aliandika mwaka 1975 konseto ya fagoti na nyuzi za chini tu: sello nne na kontrabasi tatu, zile fidla kubwa za kusimamishwa kama ya taarab. Hakuna kinanda, hakuna filimbi, hakuna mtu wa juu hata mmoja. Mke wangu alivumilia kidogo akaenda jikoni. Mimi huwa naona kikao cha ukoo: wazee saba wote wana sauti kama yako, umri kama wako, na bado hawakuachii useme. Fagoti linabembeleza, linakoroma, linapayuka. Siwezi kusema ni tamu. Nasema ni kweli, maana vikao hivyo nimevikalia.

Na ukiwa na watoto, anza na Sergei Prokofiev, "Petro na Mbwa Mwitu", Moscow, 1936. Kila mhusika ana ala yake: ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, na fagoti ni babu. Babu anatoka analalamika kwamba mtoto ameacha geti wazi, na mbwa mwitu akija je? Watoto wanacheka, na wamepangiwa wacheke. Lakini mimi huwakumbusha wajukuu zangu kwamba mbwa mwitu alikuja kweli, na bata akamezwa. Mwishoni, wote wakiwa kwenye maandamano ya kusherehekea, babu bado analalamika nyuma ya mstari. Huyo babu simcheki.

Sasa nirudi kwenye chai yetu ya studio, maana huko ndiko niliko na shida.

Kwaya za huku kwetu zilisifika kwa sauti za wanaume. Zamani, ukifika usharika mgeni, mzee alikuwa anakusalimu "Kamwene", halafu swali: "Unaimba sauti ya ngapi?" Ukisema ya nne unapewa kiti. Watunzi wetu walikuwa wanaiandikia sauti ya nne njia yake: inaanza wengine wakinyamaza, inauliza swali, inajibiwa na soprano, inashuka peke yake mwishoni mpaka kwenye ile do ya chini ambayo benchi lilikuwa linaitetemekea. Leo chukua nyimbo kumi mpya za kwaya, uzisikilize kwa makini. Besi inarudia noti mbili. Mara nyingi haipo kabisa. Kinanda kimeweka biti, spika mbili kubwa kama kabati zimesimama mlangoni, na wazee wa sauti ya nne wamepangwa mstari wa nyuma kwa ajili ya video, wakichezesha midomo na kusogea kushoto na kulia. Tumekuwa pazia.

Hata tarumbeta zetu hazijapona. Nimekaa na vijana wa tuba wanaojua kushika mdundo tu, um-pa, um-pa, siku baada ya siku. Mmoja nilimpa wimbo nikamwambia, "Mwanangu, leo wewe ndiye mwenye sauti kuu, wengine wakusindikize." Alidhani namtania. Alipopiga beti nzima akashusha tuba, akaifuta mate, akasema, "Mwalimu, kumbe hii inaimba."

Nawasikia wanaosema: mzee huyu anatuletea muziki wa Wazungu, na sisi tuna ngoma zetu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama isingekuwa inatolewa na mtu aliyesimama nyuma ya kinanda cha Japani. Lakini nitaijibu. Watu wa Ziwa Nyasa, enzi za ukoloni, waliona bendi za askari zikipita na shaba zao. Hawakuwa na fedha za shaba. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakavifunika kwa utando mwembamba wa buibui, wakaimbia humo, na ngoma ya mganda ikazaliwa. Kibuyu kidogo kinakwenda juu, kibuyu kikubwa kinakwenda chini. Hawakusema, besi tutaiacha, tutaweka ngoma tu. Walitafuta kibuyu kikubwa. Kama ni uzalendo, uzalendo wangu ni huo.

Wala siombi kontena la mafagoti kutoka kwa usharika rafiki wa Ujerumani. Likija, baada ya miaka miwili yatakuwa stoo, tete zimevunjika, panya wamo. Nairobi wana okestra tangu enzi za mkoloni, na kule Korogocho watoto wa Ghetto Classics wanapiga ala za okestra tangu mwaka 2008, kando ya jalala la Dandora. Nawapongeza kwa dhati. Kinshasa nako waumini wa kanisa la Kimbangu wana okestra yao ya simfoni tangu mwaka 1994. Siku Mbeya ikiwa na walimu na mafundi wa kuzitunza, tutazungumza. Kwa sasa fagoti lenyewe silihitaji. Nahitaji kile watunzi wake walichokifanya: kumwona mtu aliyewekwa nyuma kushikilia nyumba, wakamwambia, njoo mbele, useme, na usipokuwa mtamu pia tutakusikiliza.

Tuna koo za kufanya hivyo bila senti moja. Tuna vyuo vinavyofundisha muziki, Bagamoyo na Makumira kwa uchache, na vijana wetu wanaotoka huko wanajua kutunga. Ombi langu kwao ni dogo: wimbo unaofuata, ipeni sauti ya nne beti moja iwe yake. Majaji wa mashindano ya kwaya, mnapoandika alama, andikeni pia besi ilisema nini, siyo tu kwamba ilisikika. Vijana wa studio, mkituona tumejipanga mlangoni, msitupe chai kwanza. Tupeni kipaza sauti dakika kumi. Tukishindwa, hapo mtuwekee kidole chenu.

Nanyi walimu wa kwaya wa Mbeya na Iringa, kabla ya mazoezi ya wiki hii, chukueni simu, tafuteni simfoni ya 9 ya Shostakovich, mwende moja kwa moja kwenye sehemu ya nne. Zimeni kinanda, waiteni wazee wa nyuma wakae mbele, wasikilize. Ni dakika tatu au nne tu, na bando la siku linatosha.